Thirza Pettit, Malkia wa Masazo

Thirza Pettit alikuwa mdaku, na mtu wa Brettlow akikwambia vinginevyo ujue hakumjua. Sisemi haya kumsengenya. Mwenyewe alikuwa akijitangaza pale kisimani, mkono kiunoni: "Mimi na habari za watu ni chanda na pete. Asiyetaka niulize asipite njia yangu." Na njia yenyewe ilikuwa hiyo hiyo moja, barabara ya katikati ya kijiji, nyumba zimejipanga huku na huku, kila moja na ukuta wake mfupi wa mawe. Nyumba ya Thirza ilikuwa ya mwisho kabisa upande wa kutokea, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuikwepa.

Utotoni aliwahi kutumbukia kichwa chini ndani ya pipa la maji la mhunzi, kisa alitaka kusikia vizuri chuma cha moto kinalia nini kikizamishwa. Katika kanisa letu dogo alimwuliza mhubiri Kaini alimpata wapi mke. Akatolewa nje kwa sikio, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma kuuliza mbona hajajibiwa. Hata Jabez aliyekuja kumwoa hakumpata kwa maneno matamu. Jabez alikuwa mlimaji kwa plau, mtu wa maneno machache, na alitembea bega moja juu. Siku moja Thirza alimfuata tangu kanisani mpaka darajani.

"Wee kaka, bega lako lina nini?"

"Ni plau," akasema Jabez. "Mguu mmoja ndani ya mtaro, mmoja juu ya tuta. Ukifanya hivyo toka utoto, mwili unazoea."

"Na mtu akitaka kutembea nawe, akae upande gani?"

"Upande wa tuta," Jabez akajibu, akawa mwekundu mpaka shingoni. Wakaoana kabla ya majira ya baridi.

Nyuma ya ukuta wake, kando ya barabara, Thirza alifuga nyuki katika mizinga ya majani, ile inayofanana na vikapu vilivyopinduliwa. Kwetu nyuki huambiwa habari. Mtu akifa, akizaliwa, akioa, mwenye nyumba huenda akagonga mzinga kwa kidole na kuwaambia, maana nyuki wasipoambiwa hununa, na wakinuna huhama. Watu wengi huwaambia vifo na harusi, basi. Thirza aliwaambia nani amegombana na mkwewe, nani amenunua kofia, na bei ya mafuta ya nguruwe. Jabez alikuwa akisema nyuki wale wangepata ukasisi kama wangejua kuvaa viatu.

Sasa, masazo. Ngano ikishavunwa, ikafungwa miganda na kupakiwa kwenye magari ya farasi, masuke yanayobaki chini ni ya wanawake na watoto wa kijiji. Ni haki ya tangu enzi za babu wa mababu, tena si haki ya kuchezea. Nyumba iliyookota vizuri ilipeleka gunia lake kwa mwenye kinu na kula mkate mpaka theluji iyeyuke. Isiyookota ilikula viazi, na viazi vikiisha watu walibaki kutazamana. Lakini haki hiyo ina adabu yake. Mwenye shamba huacha mganda mmoja umesimama peke yake katikati ya shamba, nasi tunauita Askari. Askari akiwa kwenye zamu, mguu wa mwanamke hauingii, hata kama masuke unayaona kwa macho kutoka barabarani. Askari akiondolewa, shamba limefunguliwa, Malkia anapiga kengele, na hapo ni wewe na mgongo wako. Anayeitangulia kengele ni mwizi. Malkia humpokonya alichookota na kukimwaga chini mbele ya wenzake.

Malkia mwenyewe alikuwa Thirza. Wanawake walimchagua kwa sababu ya udaku uleule waliokuwa wakiulalamikia. Alijua nani ana mtoto mgonjwa, akampa mstari wa karibu na lango. Alijua nani ameficha mkasi ndani ya aproni ili akate badala ya kuokota. Kengele aliitundika juu ya mlango wake na kuisugua kwa majivu mpaka ukajiona meno, na hakuna kitu duniani alichokipenda kama kile, ukimwondoa Jabez, na hata hapo sina hakika.

Ndipo ukaja mwaka 1874. Vibarua wa mashamba walikuwa wameunda chama chao, na Jabez akawa katibu wa tawi letu, utepe wa bluu kwenye kofia. Waliomba nyongeza ya ujira, kidogo tu, hata aibu kuitaja. Wenye mashamba wakajibu kwa kufunga malango: mwenye utepe asikanyage. Wanaume wakakaa nyumbani tangu mwezi wa tatu wakitengeneza viti vilivyokwisha kutengenezwa. Posho ya chama ikawa inakonda wiki hadi wiki. Na Bwana Garrod, mwenye shamba kubwa kuliko yote, akaapa kwamba ngano yake itavunwa bila mkono wa Brettlow kuigusa. Akaagiza watu London, wanaume waliokosa kazi mjini, akaletewa kundi zima, akawalaza ghalani.

Tukakutana kanisani. Jabez alisimama mbele, akitumia sauti yake ya kuitia farasi.

"Wale wa ghalani wamekuja kukalia vigoda vyetu. Hatuwapigi, jela imeshaandaliwa inatusubiri. Hatuwatukani. Tunawageuzia mgongo. Wakipita, mgongo. Wakisalimu, mgongo. Neno hata moja wasilipate kwetu. Wanaokubali?"

Mikono yote ikaenda juu, wa Thirza pia. Hapo jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Keturah Mudd, mwanamke mwenye ulimi wa ndimu, akasimama.

"Wote tutaweza isipokuwa Malkia wetu. Thirza asipouliza kitu asubuhi, mchana anapata homa."

"Na wewe Keturah ukinyamaza asubuhi," Thirza akamrudishia, "mchana watu wataleta jeneza."

Kanisa likacheka mpaka mhubiri akagonga meza. Ila Thirza alikuwa amekula kiapo kwa dhati. Wale wa ghalani walipopita, aligeuza mgongo kama wenzake, akang'ata midomo, kisha akakimbilia mizinga yake. "Nyuki wangu, yule mrefu anachechemea, kaumia wapi? Yule mwenye kofia ya kitambaa ana mke? Mtu wa mjini analalaje na panya?" Nyuki hawakujibu, akaenda kulala na maswali yake.

Mavuno yakaisha. Shamba Refu, shamba kubwa la Garrod, likabaki tupu na masuke kibao chini, maana wageni wale hawakuwa wavunaji, walimwaga kama watoto wanaokula uji. Wanawake wakajaa langoni na aproni zao. Askari akawa kasimama katikati. Siku ikapita, na nyingine, na nyingine. Garrod alipita juu ya farasi, akasimama, akatabasamu.

"Mnangoja nini, akina mama? Huyo hatoki. Atakaa hapo mpaka nilete nguruwe wangu waje kula chakula cha chama chenu."

Alipoondoka, kelele zikaanza. "Tuingie tu!" wakasema wengine. "Watoto wanaona chakula!"

Thirza alisimama mbele ya lango amekumbatia kengele, machozi yakimtoka wazi. "Tukiingia Askari akiwa amesimama, tumeivunja haki kwa mikono yetu. Hicho ndicho Garrod anachokitaka. Mwaka ujao atasema masazo yalikufa siku wanawake wa Brettlow walipogeuka wezi. Hataokota mtu, wala watoto wa watoto wetu. Haingii mtu!"

Hakuingia mtu. Wakakaa wakayatazama mawingu yakijikusanya upande wa bahari, na kila mmoja alijua mvua ikikaa siku mbili masuke yale yataota palepale chini.

Ila Thirza, hata katika uchungu ule, alikuwa ameona kitu. Sisi mganda huufunga kwa ukamba wa majani, tunausokota na kuuchomeka ncha, basi. Askari yule alikuwa amefungwa fundo. Dogo, bapa, limekaa vizuri kama kifungo cha shati. Thirza hakuwahi kuliona maishani. Akalitazama kutoka langoni mpaka macho yakamwuma. Akawaambia nyuki. Akamwambia Jabez, ambaye alisema, "Mke wangu, njaa iko mlangoni na wewe unaulizia fundo?" Thirza hakumtajia tena, lakini fundo halikumtoka akilini.

Mchana mmoja alikwenda kisimani wakati watu wote wako ndani. Alikuwa ameshajaza ndoo aliposikia hatua za viatu vibovu. Mmoja wa wale wa ghalani. Thirza akageuza mgongo haraka, akaiweka ndoo chini mbele yake, akasubiri mtu achote aondoke. Akamsikia anahangaika: kamba ya ndoo yake imekatika. Na pale pale, ndani ya maji ya ndoo yake mwenyewe, Thirza akakiona kivuli cha yule mtu, mikono yake myeupe iliyojaa malengelenge, ikishika ncha mbili za kamba. Vidole vikacheza kidogo, vikavuta. Fundo lile lile.

"Fundo hilo kakufundisha nani?"

Mdomo ulikuwa umeshasema. Hata mwenyewe alishtuka.

Yule mtu aliruka. "Mama! Kumbe mnaongea?"

"Sijaongea. Jibu."

Akacheka kicheko cha mtu aliyekisahau. "Ni fundo la wafumaji wa hariri. Uzi ukikatika kwenye mtambo, unaufunga hivi, na kitambaani halionekani. Baba alinifundisha, naye alifundishwa na baba yake. Sasa hariri inatoka ng'ambo kwa bei ya bure, na mtambo wetu mama anafugia kuku."

"Jina lako?"

"Elias Maskell."

"Una mke?"

"Sina. Nina mama tu."

"Na ulijua huku kuna ugomvi, ukaja?"

"Tuliambiwa kuna mavuno. Hakuna aliyetuambia kuna migongo."

Thirza bado alikuwa amempa mgongo, akizungumza na maji ya ndoo. Lakini neno hilo la mwisho lilimchoma, akakosa la kuuliza, jambo lisilomtokea kila siku.

"Mama, nimejibu yote," Elias akasema. "Niulize moja?"

"Uliza upesi."

"Ule mganda mmoja shambani. Mimi ndiye niliyeufunga. Jioni ile tuliambiwa tuuache kwanza, nikadhani gari limejaa, kesho tutaurudia. Mbona haturudi? Mvua inakuja, utaoza."

"Garrod hajakwambia ni wa nini?"

"Hajasema kitu. Wala hajatukataza."

Jamani! Garrod alizaliwa Brettlow, baba yake alizaliwa Brettlow. Kwetu kumwambia mtu asiguse Askari ni sawa na kumwambia asile sahani. Mtoto anayetambaa anajua. Basi tajiri yule, pamoja na ujanja wake wote, aliwajaza ghala watu wa mjini wasiojua kitu, na haikumwingia akilini kwamba wapaswa kuambiwa.

Thirza aliinamia ndoo yake. Kumdanganya ilikuwa rahisi mno. Angesema, "Umesahaulika huo, mwanangu, uwahi kabla ya mvua," na mjinga angekwenda mbio. Mimi ningemdanganya, tena ningemshukuru Mungu kwa nafasi. Lakini Thirza alikuwa amemwuliza mtu yule jina lake na mama yake na kazi ya baba yake, na ukishamjua mtu kiasi hicho mdomo unakuwa mzito kumtupa shimoni.

"Huo tunauita Askari," akasema. "Ukisimama, wanawake hatuingii kuokota. Ukiondolewa, tunaingia, na watoto watakula mkate majira yote ya baridi. Garrod ameuacha ili tusile. Atakayeuondoa atafukuzwa, sina shaka. Sasa umejua. Mimi sijakuomba kitu."

Ng'ambo ya barabara mlango wa Keturah ukalia. Thirza akanyanyua ndoo.

"Na wewe jina lako nani, mama?" Elias akauliza nyuma yake. Thirza alikuwa ameshaondoka, maji yakimwagikia viatu.

Asubuhi iliyofuata Shamba Refu lilikuwa tupu. Katikati palikuwa na alama tu ya duara pale Askari alipokuwa amekaa. Thirza alishika nguzo ya lango, akatazama, akafikicha macho, akatazama tena. Kisha akapiga kengele mpaka mbwa wa kijiji kizima wakaitikia. Wanawake wakamiminika, wengine bado wanafunga aproni, wengine na watoto mgongoni, wakaingia shambani kwa mstari, wakainama.

Garrod akaja farasi akitoa povu. "Wezi! Tokeni! Wezi nyote!"

"Bwana Garrod," Thirza akamwuliza kwa upole wa kuudhi, "Askari yuko wapi?"

Garrod akageuza kichwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Nyuma yake alikuja msimamizi wake, mzee wa hapa hapa Brettlow, anajikuna kidevu.

"Yuko ghalani, bwana. Mtu wako mwenyewe aliubeba begani jana jioni, akaupanga vizuri juu ya wenzake."

"Nani alimwambia auguse?"

"Hakuna aliyemkataza, bwana," mzee akasema, akitazama masikio ya farasi. "Shamba limefunguliwa."

Wanawake walicheka wakiwa wameinama, huku mgongo mmoja unatikisika, kule mwingine. Garrod alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Ila kuwafukuza wanawake kutoka shamba lililo wazi hata yeye hakuthubutu. Akageuza farasi. Tuliokota mpaka tukashindwa kunyooka, na mvua ilipofika ilikuta magunia yako ndani.

Kinu kikasaga. Barabara nzima ikanukia mkate, na watoto wakazunguka na midomo ina unga. Juma hilo kanisa lilijaa kwa shukrani, na baada ya nyimbo kikawa kikao cha chama. Hapo Keturah Mudd akasimama.

"Nina jambo linanikereketa. Yule mgeni alijuaje?"

"Kujua nini?"

"Nimemsikia msimamizi akisema kilabuni. Garrod alimwuliza yule mtu, mbele ya wote: kwa nini umeubeba? Akajibu: ili watoto wale. Mtu wa mjini amejuaje habari ya watoto? Kuna aliyemwambia. Na sisi tulinyoosha mikono hapa, neno hata moja wasilipate."

Thirza hakungoja atazamwe. "Ni mimi. Nilimwuliza habari ya fundo."

Wengine wakaangua kicheko, kisha wakaona uso wake, wakaacha. Mtu wa nyuma akasema, "Lakini si tumekula?"

"Nimekula!" Keturah akapaza sauti. "Nimekula, na unga bado uko kwenye mikono ya gauni langu, huu hapa, tazameni! Lakini Thirza ameuliza fundo tukapata mkate. Kesho mwingine ataongea nao kidogo, ampelekee Garrod habari kidogo, aombe kazi kidogo. Tuna nini sisi zaidi ya neno letu? Malkia mwenyewe akilivunja, nani atalishika?"

Keturah alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililouma. Akataka Thirza avuliwe kengele. Macho yote yakamgeukia Jabez, maana katibu ndiye anayeuliza kura. Jabez alifungua mdomo, sauti ya kuitia farasi isitoke.

"Uliza, Jabez," mkewe akamwambia. "Usinionee huruma mbele za watu."

"Wanaokubali," Jabez akasema, akakohoa, "wanaokubali Thirza Pettit avuliwe kengele, wanyooshe."

Hapana mkono ulioinuka. Watu wakatazama sakafu. Keturah naye akatazama sakafu.

Ndipo Thirza akanyoosha wake, juu kabisa.

"Nilinyoosha siku ile, nanyoosha na leo. Na niwaambie ukweli: nikimwona tena mtu anafunga fundo lile, nitauliza tena. Kwa hiyo kengele haiko salama kwangu."

Mikono ikaanza kuinuka taratibu, mmoja mmoja. Keturah alinyoosha huku analia. Wa Jabez ulikuwa wa mwisho. Kengele akapewa Keturah, akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine.

Njiani Thirza alilia bila kujificha, alilia kilio cha kufiwa. Jabez alitembea upande wa mtaro, akamwacha yeye upande wa tuta.

"Nimekunyooshea mkono, Thirza."

"Nimeona. Shati limechanika kwapani. Ukifika vua nishone."

Keshoye habari zikazagaa kwamba Garrod amemfukuza Elias Maskell, na kwamba atapita kwa miguu kwenda kwenye treni. Barabara ndiyo ile moja. Thirza alikuwa ameoka. Akautazama mkate mezani, akautazama mlango mahali palipobaki msumari mtupu wa kengele. Neno lilisema mgongo. Halikusema mkate. Akaufunga kwa kitambaa, akauweka juu ya ukuta wake, kisha akasimama kando ya mizinga, uso kwa nyuki, mgongo barabarani. Alijua wakiuona watamsema upya. Akaamua waseme.

Akasikia malango yakifunguliwa barabara nzima. Wanawake walikuwa wanatoka kugeuza mgongo, kama walivyokubaliana. Kisha zikaja hatua za viatu vibovu, kutoka mbali, upande wa mhunzi.

Hatua zikasimama. Kimya. Zikaendelea. Zikasimama tena.

Mbona anasimama? Thirza hakusikia tusi, hakusikia jiwe. Hatua, kimya. Hatua, kimya. Nyumba hadi nyumba. Mungu wangu, wanamfanya nini? Shingo ikamwuma kwa kutaka kugeuka. Maisha yake yote hakuwahi kuacha kutazama kitu, na leo, akiwa ametoka kuvuliwa kengele kwa ajili hiyo, alishikilia mzinga kwa mikono miwili asigeuke. Hatua zikavuka kwa Keturah, zikasimama. Kitu kikalia juu ya mawe, kifuniko cha bati. Thirza alikijua kifuniko kile. Ni cha chungu cha siagi cha Keturah Mudd, hakuna kingine kinacholia hivyo.

Hapo ndipo alipoelewa, na machozi yakamwanza upya.

Hatua zikafika kwake. "Mama wa fundo," sauti ikasema. "Leo huniulizi kitu?"

Thirza akagonga mzinga kwa kidole. "Nyuki wangu, nina habari. Mwenye nyumba hii anaitwa Thirza Pettit. Kuna mtu ameomba jina hilo, hakujibiwa. Tena namsalimia mama yake."

Elias akaugeukia mzinga. Kisha naye akasema, kwa adabu zote, "Nyuki, mwambieni Thirza Pettit nashukuru. Na mwambieni mikono imejaa. Jibini, siagi, matufaha, mayai, mikate sijui mingapi. Sijui nitabebaje."

Thirza akafungua aproni yake ya kuokotea, ile pana yenye mfuko, akaitupa nyuma juu ya bega bila kugeuka. "Nyuki, mwambieni afunge fundo lake."

Akasikia vitu vikipangwa, kitambaa kikivutwa, kikikazwa. Kisha viatu vibovu vikaondoka kuelekea darajani, vikapungua, vikaisha.

Halafu kutoka ng'ambo, Keturah, naye bado amegeuza mgongo, akaita: "Thirza! Amelifungaje?"

"Sijui. Sikutazama."

"We! Hukutazama?"

"Sikutazama, Keturah. Nilinyoosha mkono."

Keturah alikuwa amesimama uso kwa nyumba yake mwenyewe, mbele ya dirisha lake, na kioo cha dirisha lile kilikuwa kimesuguliwa asubuhi hiyo mpaka kikang'aa.

"Mimi nimeona," akasema kwa sauti ndogo. "Njoo na uzi, nikuonyeshe."